Mactan, 27 Aprili: uwanja mmoja, kumbukumbu mbili

Mahali paitwapo Punta Engaño, katika kisiwa cha Mactan nchini Ufilipino, kuna uwanja wenye kumbukumbu mbili zinazopingana. Moja ni mnara wa mawe uliojengwa na Wahispania mwaka 1866 kumtukuza Ferdinand Magellan, Mreno aliyeongoza msafara wa mfalme wa Uhispania na kuuawa kisiwani humo. Hatua chache tu kutoka hapo imesimama sanamu ya shaba ya Lapulapu, kiongozi wa Mactan ambaye watu wake ndio waliomuua. Sanamu hiyo ina urefu wa mita 20, ina upanga na ngao. Kila ifikapo 27 Aprili watu hufurika kwa ajili ya Kadaugan sa Mactan, sherehe ya ushindi wa Mactan, na mapigano ya mwaka 1521 huigizwa upya ufukweni mbele ya watazamaji.

Kisa hiki husimuliwa sana kama habari ya shujaa na mvamizi. Mimi nakitazama kwa upande wa maadhimisho: nani alijenga nini, kwa ajili ya nini, na sherehe ya leo inaieleza vipi siku yenyewe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Wafilipino walikuwa na kila haki ya kumrudisha Lapulapu mahali pake, na kazi hiyo wameifanya kwa moyo. Ila igizo lina mazoea ya kuifanya siku ile kuwa pambano la wanaume wawili, na hapo linawaacha nje walioamua mambo: majirani waliokuwa na ugomvi wao, na wapiganaji wa kawaida walioujua ufuko wao.

Siku yenyewe

Karibu yote tunayoyajua yanatoka kwa Antonio Pigafetta, Mtaliano wa Vicenza aliyesafiri na msafara akiandika kila alichokiona. Magellan alifika Cebu tarehe 7 Aprili 1521. Mtawala wa hapo, Rajah Humabon, aliwapokea, wakafanya urafiki, na tarehe 14 akabatizwa na kupewa jina la Carlos. Mkewe aliitwa Juana, akakabidhiwa sanamu ndogo ya Mtoto Yesu. Mamia ya watu wao walibatizwa pia. Baada ya hapo Magellan akawataka viongozi wa jirani wamtii Humabon na, juu yake, mfalme wa Uhispania.

Mactan iko ng'ambo ya mkondo mwembamba kutoka Cebu. Pigafetta anawataja viongozi wawili wa huko, Zula na Lapulapu. Tarehe 26 Aprili Zula alimtuma mwanawe kwa Magellan na mbuzi wawili. Ujumbe wake ulikuwa kwamba angetuma zaidi, ila Lapulapu amekataa kumtii mfalme wa Uhispania; basi apewe mashua moja ya wapiganaji usiku unaofuata, wamsaidie kupigana. Magellan akaamua kwenda mwenyewe na mashua tatu. Wenzake walimsihi asiende, hakusikia.

Hapa ndipo moyo wa kisa ulipo, na ni ajabu jinsi panavyopitwa haraka. Vita vya Mactan vilianza na mtu wa Mactan aliyeona nafasi ya kumaliza mpinzani wake kwa nguvu za mgeni, na mgeni aliyeona nafasi ya kuonyesha kwamba askari wachache wenye chuma wanaweza kuwashinda maelfu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Safari hii kunguru naye hakurudi.

Walitoka Cebu usiku wa manane, Wazungu 60 waliovaa deraya na kofia za chuma, wakifuatana na Humabon na mashua 20 au 30 za watu wake. Humabon aliambiwa abaki mashuani atazame jinsi wageni wanavyopigana. Walifika zikiwa zimebaki saa tatu kuche. Magellan alituma ujumbe wa mwisho: tiini, mlipe kodi, au mtaona makali ya mikuki yetu. Jibu likaja kwamba wao pia wana mikuki, ya mianzi, na magongo yaliyokazwa kwa moto. Wakaongeza ombi, wasishambuliwe mpaka kuche, maana wanangoja watu zaidi. Pigafetta anasema huo ulikuwa mtego. Walikuwa wamechimba mashimo katikati ya nyumba, na walitaka wageni wasingoje, waje gizani watumbukie.

Kulipopambazuka watu 49 waliruka majini, na 11 wakabaki kulinda mashua. Maji yaliwafika mapajani, na ilibidi watembee umbali mrefu kabla ya kukanyaga nchi kavu, kwa sababu miamba ilizizuia mashua kusogea. Mtu aliyekulia Pwani, awe wa Lamu au wa Mtwara, hahitaji kuchorewa picha hii. Tumbawe likiwa juu, mashua haiendi kokote, na aliyebeba chuma mwilini hawezi kukimbia juu ya mawe yale. Mizinga midogo ya mashuani ilikuwa mbali mno kuwasaidia. Waliokuwa na bunduki na pinde walifyatua karibu nusu saa bila mafanikio.

Pigafetta anakadiria wapiganaji wa Mactan kuwa zaidi ya 1,500, wamejipanga makundi matatu, moja mbele na mawili ubavuni. Magellan aliamuru nyumba zichomwe ili kuwatia hofu. Zilipoungua 20 au 30 ndipo hasira ilipozidi. Wenyeji waligundua haraka kwamba miguu ya wageni haina chuma, wakaielekezea mishale, mikuki na mawe. Magellan alichomwa mguu wa kulia kwa mshale wenye sumu, akatoa amri ya kurudi nyuma polepole, lakini watu wake wengi walikimbia, wakabaki naye sita au wanane. Alipigwa mkuki wa mwanzi usoni, akamuua aliyempiga. Alipotaka kuchomoa upanga, mkono uliojeruhiwa ukakataa. Mmoja akamkata mguu wa kushoto kwa upanga mkubwa, akaanguka kifudifudi, nao wakamvamia kwa pamoja. Pigafetta, aliyempenda sana, anasema aligeuka nyuma mara nyingi kuangalia kama wenzake wote wamefika mashuani.

Walikufa Wazungu wanane pamoja naye. Upande wa Mactan walikufa watu 15. Na wapo wanne ambao kwa kawaida hawatajwi: watu wa Cebu, wabatizwa wapya, waliokuja kuwasaidia wageni wakati mambo yamekwisha haribika, na wakauawa kwa mizinga ya mashua za wageni haohao.

Katika maelezo yote ya mapigano, Pigafetta hamtaji Lapulapu akiwa na silaha mkononi, wala hasemi ni nani aliyemmaliza Magellan. Kifo kile kilikuwa kazi ya wengi. Alasiri, Humabon alituma watu waombe mwili wa Magellan na kuahidi bidhaa zozote watakazotaka. Watu wa Mactan wakajibu kwamba hawautoi hata kwa utajiri wote wa dunia, watauweka uwe kumbukumbu. Maadhimisho ya kwanza ya siku hii, kwa maneno mengine, yaliamuliwa na washindi wenyewe kabla jua halijatua.

Siku nne baadaye, 1 Mei, Humabon aliwaalika maofisa wa msafara kwenye karamu, na zaidi ya 20 wakauawa hapo. Pigafetta hakwenda karamuni kwa sababu uso wake ulikuwa umevimba kutokana na mshale wa sumu alioupata Mactan. Jeraha hilo ndilo lililotubakishia ushahidi huu.

Nani alimkumbuka nani

Kwa zaidi ya miaka 300 aliyekumbukwa rasmi alikuwa mshindwa. Miguel López de Legazpi alifika Cebu tarehe 27 Aprili 1565, miaka 44 kamili baada ya Mactan, na safari hii Wahispania hawakuondoka hadi 1898. Mnara wa 1866 ni wa zama hizo, na maandishi yake yanatangaza utukufu wa Uhispania na utawala wa Malkia Isabel II.

Lapulapu aliingia kwenye siasa kupitia wasomi waliokuwa wakipigania nchi yao. Mariano Ponce, mmoja wa waliodai mageuzi mwishoni mwa karne ya 19, aliandika kwa jina la bandia Kalipulako, umbo mojawapo la jina la Lapulapu. Tangazo la uhuru la 12 Juni 1898 nalo lilimtaja kwa jina hilo kama mfalme wa Mactan aliyezitilia shaka nia za Magellan. Kisha Wamarekani wakaja, na kumbukumbu ikazidi kuwa na tabaka juu ya tabaka. Kibao cha kihistoria cha mwaka 1941 kinaeleza kwamba Magellan alifia mahali hapo akipigana na askari wa Lapulapu. Cha mwaka 1951, wakati Ufilipino ni taifa huru, kinasema hapo ndipo Lapulapu na watu wake waliporudisha nyuma wavamizi wa Kihispania na kumuua kiongozi wao, na kwamba yeye ni Mfilipino wa kwanza kuzuia uvamizi wa Ulaya. Tukio ni lile lile, na miaka kumi tu imepita. Kibao cha kwanza kinaomboleza na cha pili kinajivunia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mji wa Opon ulibadilishwa kuwa Jiji la Lapu-Lapu mwaka 1961. Sura ya kiongozi huyo ikawekwa kwenye sarafu ya sentimo moja kuanzia 1967, na umbo lake likaingia kwenye nembo ya polisi wa taifa. Mwaka 2018 sheria ikaifanya 27 Aprili kuwa Siku ya Lapu-Lapu nchini kote, na ndani ya jiji lake watu hupumzika kazi.

Hayo ni ya serikali. Wenyeji walikuwa na yao tangu zamani, na kwangu hayo ndiyo yenye uhai zaidi. Wavuvi wa Mactan walisimulia kwamba Lapulapu hakufa, aligeuka jiwe na bado analinda bahari. Walikuwa wakilitupia sarafu jiwe lenye umbo la mtu, kama kumwomba ruhusa mwenye eneo kabla ya kuvua. Jina la lapu-lapu, sokoni na jikoni kote Ufilipino, ni la samaki wa jamii ya chewa. Ipo pia simulizi ya sanamu ya kwanza, ile iliyowekwa uwanjani mjini mwaka 1933 ikiwa imeelekeza upinde kwenye jengo la manispaa. Wanasema mameya watatu walifariki mmoja baada ya mwingine, watu wakanong'ona kwamba mzee anawalenga, na upinde ukabadilishwa. Anayetaka kujua kama shujaa anaishi mioyoni mwa watu, sikukuu ya serikali haimtoshi. Atazame kama watu wanamwogopa kidogo.

Ng'ambo ya mkondo

Mambo yanakuwa magumu zaidi ukivuka kwenda Cebu. Jumapili ya tatu ya Januari jiji lile hufurika kwa Sinulog, sikukuu ya Santo Niño, Mtoto Yesu. Sanamu inayosherehekewa ni ile ile, kwa imani ya Wacebu, aliyopewa Juana mwaka 1521. Ilionekana tena mwaka 1565, pale askari wa Legazpi alipoikuta ndani ya nyumba baada ya mji kuungua. Watu hupaza sauti "Pit Señor!" na kucheza hatua mbili mbele, moja nyuma. Karibu na basilika wapo kina mama wauza mishumaa. Unanunua mshumaa, unamtajia jina la mgonjwa wako au mtoto anayengoja mtihani, naye anaipungia sanamu mshumaa huku akicheza kwa hatua hizohizo, akiomba kwa niaba yako. Gwaride kubwa la mashindano ya ngoma ni la tangu 1980, ila mchezo wa yule mama na mshumaa wake ni wa zamani zaidi, na anayekuja na shida yake haji kutazama gwaride.

Kwa hiyo watu walewale, wengi wao Wakatoliki wa dhati, humshangilia mwezi Aprili kiongozi wa waliomuua Magellan, na mwezi Januari huishangilia zawadi ya Magellan. Jiji la Lapu-Lapu lenyewe lina msimamizi wake, Bikira wa Regla, ambaye sikukuu yake ni 21 Novemba. Wapo wanaouona huu kuwa mkanganyiko. Mimi sioni hivyo. Mtu anaweza kuipokea dini na kumkataa aliyeileta kwa mkuki, na Wafilipino wamelifanya hilo kwa karne nyingi bila kumwomba mtu ruhusa. Watu wa Cebu waliitunza sanamu ile miaka 44 bila padri hata mmoja, hivyo ilikwisha kuwa yao Wahispania walipoikuta.

Maadhimisho ya miaka 500, mwaka 2021, yalijaribu kulibeba jambo hili. Yalifanyika katikati ya janga la korona, hivyo umati ulikuwa mdogo kuliko ilivyopangwa. Kamati ya taifa ilichagua kauli yenye sehemu mbili, ushindi na utu. Ushindi ni wa Mactan. Utu ni wa wiki chache kabla yake, mwezi Machi, pale watu wa kisiwa cha Suluan walipowakuta mabaharia waliokuwa wamevuka Pasifiki kwa njaa kali na kuwapa samaki, ndizi na nazi. Naona huu ndio uamuzi bora kabisa uliofanywa kuhusu kumbukumbu hii kwa muda mrefu. Uliwaingiza wavuvi wasio na majina kwenye sherehe ya taifa, na ukaacha kumfanya Magellan kuwa ndiye mhusika mkuu, hata kwa kuchukiwa.

Siku hii imevuka bahari pia. Jimbo la British Columbia nchini Kanada liliitambua rasmi mwaka 2023. Tarehe 26 Aprili 2025, jioni ya tamasha la Lapu-Lapu mjini Vancouver, dereva aliuvurumishia gari umati na kuua watu 11. Tangu hapo, kwa Wafilipino wa huko, tarehe ya ushindi imebeba pia majina ya kusomewa sala.

Sisi tunaingiaje

Magellan hakuwa mgeni kwetu. Machi 1505 aliondoka Lisbon akiwa askari mdogo katika msafara wa Francisco de Almeida. Julai mwaka huo msafara ule uliiteka Kilwa, ukamwondoa Amir Ibrahim, ukamtawaza Muhammad Ankoni aliyeelewana na Wareno, na kujenga ngome. Agosti ukaishambulia Mombasa, ukapora na kuuchoma mji. Imebaki barua ya mfalme wa Mombasa kwa mwenzake wa Malindi ikieleza jinsi mji ulivyoteketezwa, bila kusazwa mwanamume, mwanamke wala mtoto. Inasikitisha kuisoma ukikumbuka kwamba Malindi ndiyo iliyokuwa rafiki wa Wareno, kwa sababu ya ushindani wake na Mombasa.

Malindi na Mombasa, Zula na Lapulapu: mpango ni mmoja. Magellan aliyekwenda Mactan alikuwa amekulia kwenye ukoo huu wa vita, ambapo unamtafuta mtawala mwenye kinyongo na jirani yake, unampa taji, kisha unatumia jina lake. Huko Cebu alitaka kumfanya Humabon awe kile Almeida alichomfanya Muhammad Ankoni. Tofauti ni kwamba Mactan mpango ulivunjika asubuhi moja.

Malindi ipo nguzo ya Vasco da Gama, inatunzwa na watalii huipiga picha. Ila hatuna sikukuu ya Agosti 1505, wala uwanja ambapo barua ya Mombasa husomwa kwa sauti watoto wakasikia. Wafilipino wametutangulia hapa, na wametutangulia kwa namna ya busara. Mnara wa 1866 hawakuubomoa. Waliuacha usimame, wakaweka cha kwao pembeni yake, hivyo mwanafunzi anayefika Punta Engaño anasoma pande zote mbili kwa dakika kumi.

Kinachobaki kurekebishwa ni igizo. Kwa miaka mingi Lapulapu amechezwa na waigizaji maarufu wa filamu, wenye vifua vipana, na watazamaji hungoja pale anapokutana na Magellan ana kwa ana. Naelewa kwa nini, na naelewa raha ya watoto wanaoliona hilo. Lakini ushahidi wa siku ile una mambo makubwa kuliko pambano hilo. Igizo lingeweza kuanza na mwana wa Zula na mbuzi wake wawili, likaonyesha watu wakichimba mashimo usiku, likaacha maji yakupwe mbele ya macho ya watu, na Magellan akaanguka mbele ya kundi la wavuvi ambao hakuna atakayejua ni yupi aliyepiga pigo la mwisho. Na wale wanne wa Cebu, waliokimbilia kuwasaidia rafiki zao wapya na kuuawa na mizinga ya rafiki haohao, waonekane wakifa. Maandishi hayakuhifadhi majina yao, ila yanasema walikuwa wangapi na waliuawa vipi, na waigizaji wanne hawakosekani.